Bunduki barabarani: nani anapashwa kuonyesha karatasi?

Kila mtu aliyetembea kwa njia za Masisi, Walikale, Lubero ao Fizi anajua mambo ya bariere. Kamba ao bambu imelazwa kati ya njia. Kijana amekaa chini ya mti, bunduki ya AK iko juu ya magoti yake. Mama anateremsha kitunga cha mihogo, anafungua pembe ya kitenge, anatoa jetoni, yaani kale kakaratasi kanakoonyesha kwamba mwezi huu amekwisha kulipa. Kama hana, analipa tena. Yule kijana mwenye bunduki haonyeshi karatasi yoyote, na hakuna anayemuuliza.

Watu wengi wakiona hivyo wanasema: inchi hii haina sheria ya silaha. Si kweli. Sheria iko, tena ni ya zamani kuliko babu zetu wengi. Nimetaka leo tuifuate historia hiyo, maana inatusaidia kuelewa kwa nini bunduki inatembea wazi mbele yetu, na kwa nini sisi wenyewe hatupatani juu yake: mmoja anaiona kuwa ulinzi, mwingine anaiona kuwa mzigo.

Tuanze na tarehe 2 Julai 1890. Siku ile, huko Brussels, mataifa 17 yalitia sahihi mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II ilikuwemo, na sultani wa Zanzibar pia. Ndani ya mkataba ule kulikuwa sehemu nzima juu ya silaha. Ilikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digrii 20 kaskazini ya ikweta mpaka digrii 22 kusini. Kongo yote ilikuwa ndani ya mpaka huo. Yule aliyeruhusiwa kuwa na bunduki ya kisasa alipashwa kuiandikisha, ipigwe chapa, naye apewe karatasi yenye jina lake na alama ya bunduki yake. Ruhusa ilikuwa ya miaka 5. Iliweza kufanywa upya, lakini akiitumia bunduki vibaya, ruhusa inaondolewa.

Soma tena maneno hayo: jina la mwenye bunduki, alama ya bunduki, muda wa ruhusa, na adhabu ya kuinyang'anywa. Zaidi ya miaka 130 imepita, na hayo manne ndiyo bado tunayatafuta kwenye bariere.

Kwa nini mkataba ule haukuwalinda wazee wetu? Kwa sababu wenye kuusimamia walikuwa wenyewe wenye bunduki. Katika Maniema, watu walikuwa wamekwisha kuzijua silaha kwa misafara ya wafanyabiashara waliotoka Zanzibar na Tabora, waliojenga miji ya Nyangwe na Kasongo, wakatafuta pembe za tembo na watumwa. Hata Kiswahili hiki tunachosoma kilifika kwetu na misafara ile. Mkubwa wao aliyejulikana zaidi alikuwa Hamed bin Muhammed, tunayemwita Tippu Tip. Mwaka 1887 dola ya Leopold haikuwa na nguvu ya kumshinda, basi ikamfanya kuwa gavana wake wa Stanley Falls, mahali tunapoita Kisangani leo. Watu wake na bunduki zao walibaki wale wale, lakini sasa mkubwa wao alikuwa mtu wa serikali.

Mapatano hayo hayakudumu. Toka 1892 mpaka 1894 kulikuwa vita kati ya dola ile na wafanyabiashara wale, na Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893. Katika vita ile kulikuwa mtu mwingine anayefaa kukumbukwa, Ngongo Lutete. Alikuwa amepigana upande wa wafanyabiashara, kisha mwaka 1892 akahamia upande wa dola pamoja na wapiganaji wake, akaisaidia sana. Mwaka 1893 maofisa wa dola ile ile wakamshitaki kwa uhaini, wakampiga risasi. Wengi wa watu wake walikuwa wamekwisha kuingizwa katika jeshi, Force Publique. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg, wengi wao wakiwa watu wake, wakaasi, na maasi ya namna hiyo yakasumbua inchi kwa miaka. Serikali ikichukua kundi lenye silaha kwa haraka ya vita, bila kulipangia mwisho wake, deni lile linakuja kulipwa baadaye. Sisi tumeliona zaidi ya mara moja.

Kisha ukaja wakati wa mpira. Askari wa Force Publique walibeba bunduki za Albini, na makampuni yaliweka walinzi wao wenye silaha, makapita, katika vijiji ili kulazimisha watu walete mpira. Jambo la kushangaza ni kwamba risasi zilihesabiwa vizuri sana wakati ule. Mzungu hakutaka askari atumie risasi kwa kuwinda nyama. Kwa hiyo katika sehemu nyingi askari alidaiwa ushuhuda kwamba risasi ilimpiga mtu: mkono wa kuume uliokatwa. Na aliyepoteza risasi kwa mnyama aliweza kukata mkono wa mtu mzima aliye hai ili hesabu itimie. Tume ya uchunguzi ambayo Leopold mwenyewe alilazimishwa kuituma mwaka 1904 ilisikia mashahidi juu ya matendo ya walinzi wale, na ripoti yake ikatoka mwaka 1905. Basi kuhesabu silaha peke yake si ulinzi. Swali ni: hesabu inatolewa kwa nani? Wakati ule ilitolewa kwa mkubwa wa kampuni na wa dola, na mwanakijiji hakuwa na mahali pa kuisomea.

Ubelgiji ilichukua Kongo mwaka 1908. Wazee wengine wanasifu wakati wa Wabelgiji, wakisema bunduki hazikuzunguka ovyo. Ni kweli kwa sehemu. Bunduki ya kisasa ilikuwa karibu ya Mzungu na ya jeshi peke yao. Mwafrika aliyetaka kuwinda aliweza kupewa ruhusa ya gobore. Lakini ni nani aliyetembea na karatasi kila siku? Ni yule asiye na bunduki: karatasi ya kodi, kitabu cha utambulisho, ruhusa ya kuhama. Utulivu ule ulikuwa na mwenyewe. Mwaka 1944, wafuasi wa Kitawala walipoinuka katika eneo la Masisi na Lubutu chini ya Bushiri, Force Publique iliwazima kwa silaha. Mwaka ule ule askari wa Luluabourg wakaasi tena.

Uhuru ulipokuja, jambo hili lilitoka wazi kwa siku chache tu. Tarehe 5 Julai 1960, siku 5 baada ya sherehe, askari wa Force Publique waliwaasi maofisa wao Wabelgiji, baada ya jenerali Janssens kuwaandikia ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Mwaka 1964 Wasimba waliingia Uvira, wakafika Albertville, tunayoita Kalemie leo, na mwezi wa 8 wakateka Stanleyville. Wengi walianza na mikuki na dawa ya maji, bunduki wakazipata kwa askari waliokimbia. Huku mashariki, ndipo kizazi kimoja kilipojifunza kwamba kijana wa kijiji anaweza kushika bunduki na kuamuru watu wazima.

Mobutu alirudisha mkono wa serikali, na sheria ikaandikwa: Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya utaratibu wa silaha na risasi. Bila ruhusa, raia hana haki ya kuwa na silaha ya moto. Lakini sheria inabebwa na mtu anayelipwa mshahara. Mwezi wa 9 mwaka 1991 askari wasiolipwa walipora Kinshasa na miji mingine. Mwezi wa kwanza 1993 wakarudia, walipolipwa kwa noti ya milioni 5 za zaire ambayo wafanyabiashara waliikataa. Mwaka ule ule vita ya makabila ikawaka Walikale na Masisi. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja waliingia Goma kutoka Rwanda, na ndani yao jeshi lililoshindwa, na silaha zake nyingi. Mwaka 1996 AFDL ikaja na makadogo, watoto ambao bunduki iligusa ardhi wakiibeba. Toka pale silaha ya vita haikuwa tena kitu cha kambi. Umoja wa Mataifa uliweka marufuku ya silaha kwa makundi ya Kivu na Ituri mwezi wa 7 mwaka 2003. Bunduki zilizokuwa zimekwisha kuingia vijijini hazikuondoka kwa sababu ya marufuku ile.

Sasa tufike kwa swali la leo. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ina vifungu viwili ambavyo watu wanarushiana. Kifungu cha 63 kinasema kila Mkongomani ana haki na wajibu mtakatifu wa kulinda inchi na mipaka yake mbele ya uvamizi wa kutoka inje. Kifungu cha 190 kinasema hakuna mtu anayeweza kuunda kundi la kijeshi ao wanamgambo wa binafsi, wala kutunza vijana wenye silaha. Adhabu yake ni ile ya uhaini mkubwa. M23 ilipoanza tena vita mwisho wa mwaka 2021, vijana wengi walisimama kwa jina la Wazalendo, na kifungu cha 63 kikawa mdomoni mwao. Mwaka 2023 sheria ikaunda jeshi la akiba la ulinzi, ili raia wanaopigana pamoja na FARDC wawe na mlango wa kisheria. Basi kijana wa bariere ni nani? Kama ameandikishwa katika akiba, ana mkubwa wake. Kama hakuandikishwa, kifungu cha 190 kinamwangalia. Kwa macho, raia hawezi kutofautisha.

Najua maoni ya pande zote, maana ninayasikia kila wiki. Wengine wanasema: bila vijana hawa, kijiji chetu kingekuwa kimeisha, usiku ule askari walirudi nyuma, wao walibaki. Ni haki kusema hivyo, na waliokufa wakilinda watu hawastahili kutukanwa. Wengine wanasema: kijana aliyenilinda mwezi uliopita ndiye anayenidai jetoni mwezi huu. Hilo pia ni kweli. Mara nyingi maneno yote mawili yanatoka katika kinywa cha mtu mmoja. Goma ilipochukuliwa mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watu wa mijini nao walianza kuona bunduki nyingine barabarani, zenye wakubwa wengine. Bendera inabadilika, lakini mama mwenye kitunga anatenda lile lile: anainamisha macho, anatafuta karatasi. Mwenye nguvu mpishe, wanasema Waswahili. Methali hiyo inakusaidia kufika nyumbani salama leo, lakini haiwezi kuwa sheria ya inchi.

Mimi sisemi kwamba bunduki yote inayoonekana ni mbaya. Bunduki iliyofichwa inaweza kuwa mbaya zaidi. Historia hii inanionyesha kitu kimoja: kwa zaidi ya miaka 130, karatasi inadaiwa kwa mtu asiyepashwa kuionyesha. Mkataba wa 1890 uliitaka kwa mwenye bunduki. Desturi yetu, toka wakati wa mpira mpaka wa jetoni, inaidai kwa asiye na bunduki.

Wakuu wa vijiji na mashirika ya raia wanaweza kuanza na maswali madogo, kila wanapokutana na makamanda, wa jeshi ao wa akiba. Bunduki hii ina namba gani? Imeandikwa kwa jina la nani? Mkubwa wake ni nani, anapatikana wapi? Akimdhuru mtu, atapelekwa mbele ya nani? Swali hilo la mwisho lina jibu katika sheria: toka mwaka 2002, hata raia akifanya kosa kwa silaha ya vita anaweza kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Lakini mashitaka yanataka jina, na kwenye bariere jina ndilo linalokosekana.

Jina liandikwe, na mwenye kijiji ajue limeandikwa wapi. Siku mama wa kitunga atakapoweza kulitaja mbele ya hakimu, jetoni yake ataiacha nyumbani.