Makucha ya haidroliki: Namna ya kupakia mabaki ya mbao bila kuhatarisha maisha

MALAVA, mji ulio kando ya barabara ya Kakamega kwenda Webuye, umepakana na msitu wenye jina hilo hilo na mashamba ya miwa na mikaratusi.

Miti inapokatwa na mbao kupasuliwa, husalia matawi, magome na vipande vya vigogo. Kwa kawaida vibarua huyapakia mabaki hayo kwa mikono, kazi inayoumiza migongo na kuponda vidole.

Mtambo wenye makucha ya chuma, mfano wa ule unaopakia miwa kwenye trela magharibi mwa Kenya, huipunguza adha hiyo. Hata hivyo, faida yake hutoweka iwapo watu wataendelea kufanya kazi chini ya makucha hayo.

Injini huzungusha pampu inayosukuma mafuta kupitia mipira hadi kwenye silinda za kufungua na kufunga makucha. Shinikizo la mafuta hayo laweza kufikia bar 200, takriban mara 90 ya lile la tairi la gari dogo.

Kwa sababu hiyo, mpira unaovuja haupapaswi kwa mkono kamwe. Mafuta yanayochuruzika kwenye tundu dogo huweza kupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana dogo, lakini huhitaji upasuaji wa haraka ili kuokoa kiungo. Uvujaji hukaguliwa kwa kipande cha kadibodi, mfanyakazi akiwa amevaa glavu na miwani ya kinga.

Mabaki ya mbao ni hatari kuliko miwa kwa kuwa hayalingani urefu wala uzito. Makucha yanapobana kigogo kinene, vipande vyembamba vilivyo kando yake hubaki vimelegea na kuanguka. Aidha, mita moja ya ujazo ya mkaratusi mbichi huweza kukaribia tani moja.

Mwendeshaji hushika mzigo katikati, huuinua kidogo kuupima, kisha huusafirisha ukiwa karibu na ardhi. Kwenye mteremko au udongo uliolowa mvua, mzigo ulioinuliwa juu hupindua mtambo upesi. Nyaya za umeme nazo huangaliwa kabla ya mkono wa mtambo kunyanyuliwa.

Anayekabiliwa na hatari kubwa zaidi ni utingo anayeokota vipande vilivyodondoka. Yeye hukaa mbali kuliko upeo wa mkono wa mtambo, mahali anapoonekana na mwendeshaji. Huingia kuokota tu baada ya makucha kushushwa chini na injini kuzimwa, kwani mpira ukipasuka, mzigo ulioning'inia huweza kuporomoka ghafla. Ishara za mkono hutolewa na mtu mmoja pekee.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri kutoa mafunzo na vifaa vya kujikinga. Kifo kikitokea kazini, afisa wa usalama wa eneo hilo huarifiwa katika muda wa saa 24, na taarifa ya maandishi hufuata ndani ya siku saba.

Nayo Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo humlazimu mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima.