Mjumbe Aliyehadaiwa: Historia na Istilahi ya Udhaifu wa SSRF katika Programu Huria za Wavuti

Miongoni mwa udhaifu wa kiusalama wa programu za wavuti, upo mmoja ambao jina lake linapotosha. Likifasiriwa neno kwa neno, jina hilo, ambalo kifupisho chake ni SSRF, ni "kughushi ombi upande wa seva". Hata hivyo, ombi lenyewe halighushiwi. Seva halisi hutuma ombi halisi, kwa anwani yake na kwa mamlaka yake. Kinachotoka kwa mtu mwingine ni nia ya kulituma. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo si ya maneno tu, na historia ya WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003, inaithibitisha.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wavuti. Mwaka 1988, Norman Hardy alieleza kisa cha kompaila iliyoruhusiwa kuandika mahali palipohifadhiwa faili la ankara. Mtumiaji asiye na ruhusa hiyo aliiagiza iweke matokeo yake katika faili, akataja jina la faili lile lile la ankara. Kompaila ilitii, na kumbukumbu za malipo zikapotea. Hardy aliifananisha na naibu aliyechanganyikiwa: ana mabwana wawili, wala hajui anatumia mamlaka ya yupi.

Mwaka 2002, Stuart Langridge na Ian Hickson walibuni pingibaki, utaratibu wa tovuti moja kuiarifu nyingine kwamba imeitaja. Ili kuzuia uongo, tovuti inayopokea taarifa huenda yenyewe kwenye anwani iliyotajwa na kuhakikisha kwamba kiungo kipo. Uangalifu huo ndio uliofungua mlango. Mshambulizi aliweza kutaja anwani ya mtandao wa ndani wa taasisi, ambako yeye asingefika, na seva ikaenda kwa niaba yake. Kutokana na jibu la kosa, akabaini ni milango ipi iliyo wazi. WordPress ilirekebisha jambo hilo katika toleo 3.5.1, Januari 2013, kwa kukagua anwani kabla ya kuiendea.

Machi 2014, pingibaki hiyo hiyo ilitumika kuzitumia tovuti zaidi ya 162,000 za WordPress kuifurikia tovuti moja kwa maombi. Anwani iliyolengwa ilikuwa ya hadharani, hivyo ukaguzi wa 2013 haukuwa na la kuzuia. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya Sonar walionyesha kasoro nyingine: seva hulitafuta jina la tovuti mara mbili, kwanza wakati wa kukagua, kisha wakati wa kwenda. Mwenye jina akibadilisha jibu katikati, ukaguzi unapita na safari inaishia ndani. Msimbo huo ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma kwa miaka yote hiyo. Dai kwamba macho mengi hufichua kila kasoro linahitaji kupunguzwa ukali hapa, kwani wasomaji wengi walitafuta kosa la uandishi, ilhali kosa lilikuwa la uaminifu.

Kompyuta za wingu ziliongeza gharama. Ndani ya huduma za Amazon, anwani 169.254.169.254 huipa seva funguo za muda za kufikia hifadhi. Mwaka 2019 njia hiyo ilitumika dhidi ya benki ya Capital One, na taarifa za watu wapatao milioni 106 wa Marekani na Kanada zikachukuliwa. Novemba mwaka huo Amazon ilileta utaratibu unaodai tokeni kwanza. Mwaka 2021 shirika la OWASP liliupa udhaifu huu nafasi ya kumi katika orodha yake.

Kwa watunga sera wa Afrika Mashariki, neno "kughushi" lina uzito wa kisheria: humwelekeza mpelelezi kutafuta hati bandia, ambayo katika shambulio hili haipo. Kiswahili kina mzizi unaofaa zaidi, -tum-, uliozaa tuma, mtume, mtumishi na mtumwa, maneno yote ya anayekwenda kwa amri ya mwingine. Istilahi kama "hadaa ya seva tumwa" ingeelekeza swali mahali pake: seva ya chuo inayoendesha Moodle au jarida la kitaaluma imeruhusiwa kwenda wapi, na ni nani aliyeiruhusu?