Ruzuku ya sola: ahadi ya Kasese ilivyofika 2020

Ruzuku ya serikali kwa umeme wa jua nchini Uganda haikuwahi kuwa hundi ya mwenye nyumba. Katika mpango wa nishati vijijini uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2002, fedha zilipitia kwa muuzaji: Wakala wa Umeme Vijijini ulifidia sehemu ya gharama kwa kadiri ya wati za paneli, naye akapunguza bei.

Awamu ya kwanza ilijikokota. Kampuni zilijazana Kampala, na mkulima wa kahawa wa Bwera, wilayani Kasese, hakuwa na fedha za kulipa kwa mkupuo. Awamu ya pili, ya 2009, iliingiza taasisi za mikopo midogo, kwa sharti kwamba nyumba iwe mbali na nguzo za umeme. Sharti hilo liliwasahau wanaoishi chini ya nyaya zinazopita juu ya mapaa yao bila kuwafikishia chochote.

Nao si wachache Kasese, wilaya ambayo mito yake huzalisha umeme. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulijengewa mtambo wake kwenye mto Mubuku miaka ya 1950. Mtambo wa Bugoye, wa megawati 13, ulifuata 2009. Hata hivyo, mwaka 2012 wilaya na shirika la WWF walipotangaza kwamba ifikapo 2020 kila kaya ingetumia nishati safi na jadidifu, zilizounganishwa na gridi hazikufika hata kaya moja kati ya kumi.

Tangazo hilo liliipatia Kasese sifa hadi ng'ambo. Mpango ulitaja sola, biogesi, mitambo midogo ya maji na majiko banifu, lakini paneli ndizo zilizopigwa picha. Ugumu ulikuwa jikoni. Paneli ya wati 50 huondoa koroboi na kuchaji simu. Haisongi bundu, yaani ugali wa muhogo, wala haichemshi maharage. Kuni nazo, kwa hesabu za wataalamu, ni nishati jadidifu ilhali moshi wake unaua. Mwaka 2020 ulifika na janga la korona, mafuriko ya Mei yakaiharibu hospitali ya Kilembe, na mafigani kuni zilikuwa bado zinawaka.

Kasoro nyingine ilikuwa ya kimuundo: ruzuku ililipwa paneli inapofungwa. Betri ikichoka miaka michache baadaye, gharama ni ya mwenye nyumba.

Hata kabla ya 2020 kampuni kama Fenix zilikuja na malipo ya kidogo kidogo kwa simu, mtambo ukizimwa deni linapochelewa. Kuanzia 2018 serikali iliwaunganisha bure walio karibu na nguzo, hadi fedha zilipopungua. Wa milimani waliendelea kulipia sola kidogo kidogo. Wakala ulirudishwa wizarani, na mradi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 umeirejesha ruzuku ya sola, safari hii pamoja na ya majiko.