Dripu ya kwinini ilivyoondoka wodini

Muuguzi yeyote aliyepitia wodi ya watoto kabla ya mwaka 2011 anaijua adha ya dripu ya kwinini. Dawa ilichanganywa na maji ya glukosi, ikaingia polepole kwa saa nne, na kila baada ya saa nane kazi ikaanza upya. Ikikimbia, presha hushuka na moyo huvurugika. Kwa hiyo muuguzi alisimama na saa mkononi akihesabu matone huku wodi nzima ikimsubiri. Isitoshe, kwinini huteremsha sukari, na mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria hawezi kusema kwamba anaishiwa nguvu.

Ilikuwa dawa kongwe. Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga mwaka 1820 kutoka gome la mti wa sinkona, wenye asili ya milima ya Andes. Wajerumani waliupanda mti huo Amani, Usambara Mashariki, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, magome hayo yakawa tiba ya askari wao.

Mshindani wake, atesuneti, alitoka China, kwenye mmea wa artemisia aliouchunguza Tu Youyou, mshindi wa Nobel ya mwaka 2015. Lakini hukumu ilitolewa Afrika. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha watoto 5,425 katika nchi tisa, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, kwa atesuneti, asilimia 8.5. Kituo kimojawapo kilikuwa Hospitali ya Teule, Muheza: wilaya ileile yenye Amani.

Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake kwa watoto. Sifa zilikwenda kwa takwimu za vifo, na ni haki yake. Nadhani hata hivyo nafuu ya muuguzi wa zamu ya usiku haikusimuliwa vya kutosha. Anayeyusha unga wa kichupa, anaongeza maji ya chumvi au ya glukosi, anachoma kwenye mshipa kwa dakika chache, au pajani mshipa usipopatikana. Sindano tatu ndani ya saa 24. Mtoto akiweza kumeza, anamalizia na dawa ya mseto. Kwinini imebaki akiba, atesuneti ikikosekana.

Atesuneti nayo ina lake. Chembe nyekundu za damu huweza kuvunjika siku kadhaa au wiki baada ya matibabu, mtoto akiwa ameshapona na yuko nyumbani. Ndiyo maana mama huambiwa amrudishe upesi akimwona amepauka au mkojo wake umekuwa mweusi.