Barafu Bawani: Uchunguzi wa Ajali ya Cleveland ya 1991

Muda mfupi baada ya saa sita usiku, tarehe 17 Februari 1991, ndege ya mizigo aina ya DC-9-15 ilianguka ikiwa ndiyo kwanza inaiacha njia ya kurukia ya uwanja wa Cleveland Hopkins, jimbo la Ohio, Marekani. Ilikuwa safari namba 590 ya kampuni ya Ryan International Airlines, iliyobeba shehena ya posta kutoka Buffalo kwenda Indianapolis. Ndani walikuwamo marubani wawili tu, na wote walikufa.

Ndege ilikuwa imekaa Cleveland kama dakika 35, ikishughulikiwa mizigo yake huku theluji kavu ikipeperushwa na upepo. Marubani hawakushuka kukagua mabawa, wala hawakuomba ndege inyunyiziwe dawa ya kuyeyusha barafu. Kwa aliyeketi katika chumba cha rubani jambo hilo halikuwa la ajabu, kwani theluji ya namna hiyo hudhaniwa itapukutika yenyewe mara ndege inaposhika kasi. Ndege iliposhika kasi na kuinua pua, bawa moja lililala ghafla. Ndege ikapiga chini na kupinduka.

Uchunguzi uliangukia mikononi mwa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani. Kazi ya namna hii ina ugumu wake: chuma kilichokatika huweza kuokotwa na kupimwa, lakini barafu iliyokuwa juu ya bawa haisubiri mchunguzi. Ilibidi chanzo kitafutwe kwa kuunganisha vinasa vya ndege, taarifa za hali ya hewa na historia ya aina ile ya ndege. Maelezo yaliyopatikana yalikuwa haya. Wakati wa kushuka kwenda kutua, mfumo wa joto unaozuia barafu hupasha moto ukingo wa mbele wa bawa. Theluji ikidondokea hapo huyeyuka, kisha bawa likipoa maji yale huganda na kunata. Kinachobaki ni utando mwembamba ambao usiku, na kwa mbali, hauonekani kabisa.

Wembamba huo ndio uliowadanganya wengi. Utando wenye mikwaruzo ya karatasi ya msasa unaweza kupunguza nguvu ya bawa ya kuinua ndege kwa asilimia 30 hivi. Tena DC-9 za mfululizo wa 10, zilizokuwa za mwanzo kabisa katika ukoo huo, zilitengenezwa bila vibawa vya mbele vinavyofunguka wakati wa kuruka. Matoleo makubwa zaidi yaliyofuata, kama lile la mfululizo wa 30, yaliwekewa vibawa hivyo na yakawa na uvumilivu zaidi.

Historia ya ndege hiyo haikuwa siri. Desemba 1968, DC-9-15 ya shirika la Ozark ilianguka Sioux City, Iowa, baada ya kuruka na barafu mabawani. Watu wote 68 walinusurika. Novemba 1978 ikafuata ajali ya TWA huko Newark, kisha Februari 1985 ndege ya mizigo ya Airborne Express huko Philadelphia. Novemba 1987, ndege ya Continental ilianguka Denver dakika 27 baada ya kunyunyiziwa dawa, na watu 28 wakafa. Cleveland ikawa ya tano.

Kwa hiyo bodi haikuishia kwa marubani. Ilisema chanzo ni wao kushindwa kugundua na kuondoa barafu, lakini ikaongeza kwamba kushindwa huko kulitokana kwa kiasi kikubwa na mwitikio hafifu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, kampuni ya Douglas iliyotengeneza ndege, na Ryan yenyewe, ilhali athari ya barafu hata kidogo tu kwa ndege hizo ilijulikana. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Kanuni iliyokataza kuruka na theluji, barafu au umande ulioganda mabawani ilikuwapo Marekani tangu 1950, lakini kanuni isiyomwambia rubani aliyechoka ukubwa wa hatari, wala kumlazimisha kulipapasa bawa kwa mkono, ilimwachia akisie.

Mageuzi yalikuja baada ya vifo zaidi. Machi 1992, ndege ya abiria ya USAir aina ya Fokker F-28, isiyo na vibawa vya mbele vilevile, ilianguka ikiruka kutoka LaGuardia, New York, na watu 27 wakafa. Kabla majira ya baridi yaliyofuata hayajaingia, mamlaka ilitoa kanuni mpya: mashirika ya ndege yalitakiwa kuwa na mpango ulioidhinishwa wa kuondoa barafu, pamoja na majedwali yanayoonyesha dawa hulinda bawa kwa muda gani. Muda huo ukipita, mabawa hukaguliwa upya au ndege hunyunyiziwa tena, iwe imebeba abiria au vifurushi vya posta.