Zawadi za Noeli kabla ya maduka

Desemba imefika Bujumbura, mvua inanyesha, na sisi vijana tumeanza tena kulalamika: "Noeli hii hatuna kitu cha kutoa." Mfuko ni mtupu, ni kweli. Lakini tuangalie kwanza historia ya nchi hii iliyotupokea.

Zamani za wafalme, Desemba ulikuwa mwezi wa Umuganuro, sikukuu ya mtama. Mwami alionja mtama, ngoma zikapigwa, ndipo watu wakaanza kupanda. Sherehe ile ilikoma wakati wa Wabelgiji, na ufalme wenyewe ukafutwa mwaka 1966. Lakini desturi ya kutoa haikufa. Mama alipika impeke, pombe ya mtama, siku kadhaa, kisha wageni wakazunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Kikapu kilisukwa kwa mkono. Hata salamu ilikuwa zawadi: "Amashyo!", yaani uwe na makundi ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe hayupo, lakini baraka umeshapewa.

Tusipambe historia lakini. Kulikuwa na ubugabire: tajiri akikupa ng'ombe, unakuwa mtu wake, unamfanyia kazi. Zawadi ile ilifunga. Ila kulikuwa pia na kwitura, kurudisha shukrani: ng'ombe akizaa, siku moja unampelekea aliyekupa ndama. Aliyepokea naye akawa mtoaji.

Hapo ndipo sie tunaguswa. Mkimbizi anapanga mstari, anaweka kidole, anapokea unga, maharage na mafuta, anasema asante. Miaka inapita, hakuna anayemuuliza: na wewe una nini cha kutoa? Swali hilo likikosekana, mtu anajiona mdogo kabisa.

Mwaka jana tulikubaliana kila mmoja atoe kitu bila kununua. Dada mmoja alisuka nywele za wasichana watano bure. Wengine walichotea wazee maji wiki nzima. Kijana mmoja alikaa na mzee wa kutoka Fizi, akaandika kwenye daftari majina ya mababu zake na vijiji vyao, wajukuu wasije wakasahau. Siku ya mwisho mzee akatuletea karanga kwenye sahani. Tukasema, "Hapana mzee, kula mwenyewe." Akakasirika kweli: "Mnataka nibaki na deni?"

Tukala zote. Kumbe karanga zile ndizo zilikuwa kwitura.

Basi Noeli na Bonane hii, tutoe tulicho nacho: mikono, muda, hadithi. Na nyinyi wenzetu wa mashirika, mkifika kwetu mkapewa kikombe cha chai, msiseme mna haraka. Kaeni, mnywe. Tuacheni na sisi tutoe.