Mzee bado anatumia intaneti ya waya wa zamani? Kagua haya kabla ya kumhamisha

Uingereza inazima mfumo wake wa zamani wa simu za mezani ifikapo mwisho wa Januari 2027. Awali ilipangwa iwe Desemba 2025, lakini tarehe ikasogezwa mbele, hasa kwa kuhofia usalama wa wazee.

Intaneti nyingi za zamani za majumbani hupita kwenye waya uleule wa shaba wa simu. Kasi yake ya juu ni takriban megabiti 24 kwa sekunde, na nyumba iliyo mbali na kituo cha simu hupata pungufu zaidi. Ndiyo maana ukimpigia bibi simu ya video, picha inagandaganda.

Wazee wengi hukataa kuhama wakisema, "Hii yangu inafanya kazi." Mara nyingi hofu si intaneti yenyewe, bali ni vitu vilivyofungwa kwenye laini hiyo. Anza na hivyo.

Kitufe cha dharura

Wazee wengi wanaoishi peke yao huvaa kitufe cha kubonyeza wakianguka. Vingi hupiga simu kupitia laini ya mezani, na vya zamani huenda visifanye kazi kwenye laini mpya. Iulize kampuni ya kitufe kabla ya kusaini chochote, na iambie kampuni ya intaneti kwamba mzee anakitegemea.

Umeme ukikatika

Simu ya zamani ilipata umeme kupitia waya wake. Mpya hutegemea ruta, na ruta ikizimika, simu nayo kimya. Kwa kanuni za Ofcom, msimamizi wa mawasiliano nchini humo, kampuni lazima impe mteja anayetegemea simu ya mezani njia ya kupiga simu za dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Usisubiri waseme, uliza.

Namba na barua pepe

Usikatishe mkataba wa zamani kwanza, namba ya miaka mingi inaweza kupotea. Iambie kampuni mpya kwamba mnataka kuhama nayo. Kama barua pepe ya mzee ni ya kampuni ya zamani, mfungulie nyingine mapema na ibadilisheni benki na hospitali.

Gharama na matapeli

Tangu Septemba 12, 2024, mteja huzungumza na kampuni mpya tu, nayo hushughulika na ile ya zamani. Kagua kama mkataba umeisha, maana kuvunja mapema kunaweza kuwa na faini. Mzee anayepokea ruzuku ya pensheni aulizie vifurushi nafuu vya wenye kipato kidogo.

Akipigiwa simu na mtu anayedai ada ya "kuhamishwa" au namba za kadi ya benki, akate.

Siku ya kufunga

Ipe ruta mpya jina na nywila zilezile za zamani. Tableti na televisheni zitajiunga zenyewe, na mzee hatajifunza kitu kipya.

Kisha, kabla fundi hajaondoka, mzee apige simu moja na abonyeze kitufe chake cha dharura. Kikijibu, mmemaliza. Kama uko mbali, mwombe jirani awepo.